Namba Moja wa Wilaya

Ningemwambia Bwana Afisa wa Elimu, "Hii habari tuandike jina la shule peke yake," mambo yangeishia hapo. Hakuwa mtu mkali. Angeguna kidogo, angekunja uso, kisha angerudi kwenye meza yake, maana chai ya saa nne ilikuwa imeshaletwa na hakupenda chai iliyopoa. Lakini aliponiuliza, "Unaweza kuiandika vizuri, ama nimpe mtu mwingine?" nilijibu kwamba naweza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hayo maneno "mtu mwingine" yalinichoma kuliko jambo nililokuwa nikilijua. Nilijua kwamba msichana aliyekuwa namba moja katika mtihani wa darasa la saba, wilaya nzima ya Isiolo, hakuwa na jina lile lililokuja na matokeo. Nilijua jina lake hasa, nilijua alivyolipata lile jingine, na nilijua mkono wangu ulifanya nini katika jambo hilo.

Nimekaa na habari hii zaidi ya miaka arobaini bila kuiandika. Mwaka jana Mwalimu Dida alizikwa kwao Garbatulla, nami nilisikia siku tatu baadaye, dukani, kutoka kwa mtu aliyekuwa akingoja kupimiwa sukari. Aliitaja tu, kama anavyotaja mtu bei ya mbuzi, kwa sababu hakujua kama mimi na marehemu tuliwahi kujuana. Nilinunua nilichokwenda kununua nikarudi nyumbani. Siku hizi watu wa umri wangu wanaondoka kila mwezi, na sikuona sababu ya kumweleza mtu yule kitu chochote. Lakini tangu siku ile mwaka wa 1980 umenirudia chumba kwa chumba, na naona ni heri niuandike ulivyokuwa, pamoja na sehemu yangu.

Mwaka huo nilikuwa karani katika ofisi ya elimu, nikiishi na Dida chumba kimoja huko Bula Pesa, katika nyumba ya mama mmoja wa Kisomali ambaye kila asubuhi alipika anjera, zile chapati laini za Kisomali, za kuuza. Kuta zilikuwa za udongo uliopakwa chokaa, na paa la mabati ambalo kuanzia saa sita mchana lilifanya chumba kisikalike. Vitanda vilikuwa viwili. Cha Dida kilikuwa upande wa dirisha, kwa sababu yeye alikuwa na madaftari ya kusahihisha na mimi, kama alivyosema, sikuwa na cha kusoma ila barua za watu. Alinizidi miaka saba. Alifundisha darasa la saba katika shule ya bweni pale mjini, na alikuwa na sauti ya chini ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko fimbo. Alfajiri aliamka kuswali nami nikajifunika shuka. Jumapili mimi nilikwenda kanisani naye akafua, mashati yake na yangu, akiyapiga kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Sikumbuki kama tuliwahi kukubaliana kwamba afue mashati yangu. Alianza tu, kwa kuwa alisema yalikuwa yakimuaibisha mbele ya majirani.

Tulikula asubuhi anjera na chai, na jioni githeri ya mahindi na maharagwe, isipokuwa pale mama yake Dida alipotuma nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa katika mafuta yake ili ikae miezi. Ililetwa na lori la Garbatulla katika chombo kilichoshonewa ngozi, na kukifungua ilikuwa sherehe.

"Kula pole pole, Karani," Dida alisema. Hakuniita jina lingine. "Mama yangu amekaanga hiyo nyama ikae miezi mitatu. Wewe unataka imalizike kabla ya Maghrib."

"Nyinyi Waborana mnaweka nyama kama serikali inavyoweka faili."

"Faili zenu zingekaangwa zingekuwa na faida. Haya, wacha kijiko. Mturkana akishika kijiko chombo hakina usalama."

"Na wewe ulilelewa kwa maziwa kama ndama, meno umepata wapi?"

Mama mwenye nyumba alikuwa akisikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta, na mara nyingi ndiye aliyetoa hukumu. "Nyote wawili mtaolewa na nani nyie?" alipaza sauti. "Kelele tu, kila siku kelele!"

Ulikuwa mwaka wa ukame. Kwenye barabara ya kwenda Garbatulla mizoga ya ng'ombe ililala pande zote mbili, na watu waliokuja sokoni na mifugo walirudi nayo, kwa kuwa hakuna aliyenunua ngozi na mifupa. Shule nazo zilipungua watoto. Familia ilipohama kutafuta malisho ilihama na wote, na dawati moja likabaki wazi, kisha la pili. Ofisini tulikuwa tukipokea kutoka juu maagizo kuhusu maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembetatu, na walimu wakatuandikia kwamba watoto wa wafugaji walikuwa wakiyaonja na kuyarudisha. Hayakuwa na moshi, walisema. Wao walizoea maziwa ya vibuyu vilivyofukizwa, na haya yalikuwa na ladha ya karatasi. Bwana Afisa aliniambia niyaandike hayo katika jarida letu, lakini niseme kwamba watoto walikuwa wakiyafurahia.

Jarida hilo lilikuwa wazo lake. Alikuwa mtu wa "Kenya", kama watu wa kaskazini tulivyosema wakati ule, maana mtu aliyepanda gari kwenda Nairobi alisema anaenda Kenya. Aliletwa kwetu akakuta wilaya ambayo kila mwaka ilikuwa ya mwisho katika mkoa, na akaamua kwamba tatizo mojawapo ni kuwa watu hawasikii mazuri. Kila muhula niliandika kurasa nne za habari za shule zetu. Kwaya iliyofika mashindano ya mkoa Embu ikarudi bila kikombe lakini na sifa. Shule ya upande wa Leparua iliyopanda miti na kuipa kila mtoto mti wake wa kumwagilia. Darasa jipya la mabati. Niliyapiga chapa kwenye karatasi ya nta, nikaifunga kwenye ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, na wino ukanibaki kwenye vidole hadi Jumapili. Kisha malori yaliyopeleka mahindi na maziwa shuleni yalibeba na jarida, na walimu wakuu walitakiwa kulisoma kwa sauti gwaride la asubuhi, watoto wakiwa wamesimama. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na maneno "Limeandikwa na", halafu jina langu. Nilipenda kulitazama.

Mwezi wa tatu orodha ya watahiniwa ilipitia mikononi mwangu kwenda Nairobi. Mmoja wao alikuwa Kabale Jattani, wa shule ya Dida. Shule zilipofungwa mwezi wa nne Kabale hakwenda kwao. Ilisemekana alipanda lori la Marsabit akatoroka na tanboi wa lori hilo, yule msaidizi wa dereva, na lori liliporudi lilirudi na tanboi mwingine. Dida, ambaye ndiye aliyeshika rejista kwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa mgonjwa mara kwa mara, alituandikia barua kwamba mwanafunzi huyo ameacha shule. Niliipiga muhuri nikaiweka kwenye faili. Mwezi wa tano akaja Diramu.

Diramu alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, lakini wiki ya mtihani mifugo yao ilikuwa imehamishwa mbali, naye akiwa nayo, akaukosa. Alirudi kwa miguu, majina yakiwa yameshapelekwa. Jioni moja tukiwa tunakula Dida alisema, bila kuniangalia, "Kuna kiti kimoja wazi darasani kwangu."

"Cha nani?"

"Cha Kabale." Aliendelea kula. "Huyu Diramu hana mwaka mwingine, Karani. Ng'ombe wa baba yake wamebaki wanne. Kuna mzee ameshapeleka kahawa na tumbaku kwao kumuomba awe mke wake. Mama yake amesema, akipata barua ya kwenda fomu wani, hiyo kahawa itarudishwa. Asipopata, basi."

"Kwa hivyo afanye kwa jina la Kabale."

"Wangapi wamefanya hivyo? Hesabu wenye vyeti hapa mjini. Nusu yao wana jina la shule na jina la nyumbani."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alijua. "Na ile barua yako?" nikamuuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Kesho yake niliitoa kwenye faili nikaikunja ndani ya mfuko wa shati. Dida aliitumia kuwashia jiko. Kwa hilo sijuti hata leo. Ningeombwa tena ningeitoa tena.

Tangu hapo Diramu alikuja kwetu kila Jumamosi asubuhi pamoja na wasichana wengine wawili, wakakaa kwenye kreti zilizopinduliwa chini ya kivuli cha ukuta, Dida akawafanyisha hesabu. Alikuwa mrefu, mwenye vidole virefu, na alikuwa na tabia ya kujibu kabla swali halijaisha, kisha akafunika mdomo kwa aibu. Niliwahi kumpa hesabu ya tanki na mabomba mawili, mojawapo linalojaza na jingine linalovujisha, ambayo mimi mwenyewe iliwahi kunishinda. Aliitazama akasema, "Lakini kwa nini hawazibi hilo la kuvuja?" Kisha akatoa jibu, na lilikuwa sawa. Dida alicheka mpaka mama mwenye nyumba akatoka nje na mwiko kuuliza kuna nini.

Hesabu hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa jina. Dida alihofia kwamba siku ya mtihani msimamizi angeita "Kabale" naye angekaa kimya. Kwa hivyo alimzoesha. Alimwita ghafla, akiwa anakunywa maji, akiwa anafunga kamba ya kiatu: "Kabale!" Mwanzoni alichelewa, na wenzake wakamcheka. "Kabale mwana wa nani?" "Jattani." "Jattani nani?" "Jattani Wario." Kufikia mwezi wa kumi alikuwa akigeuka kabla hujamaliza kuita. Niliwahi kumwita Diramu, kwa kusahau, akawa hakusikia.

Matokeo yalikuja baada ya Krismasi. Kati ya chumba changu na cha Bwana Afisa palikuwa na ukuta wa ubao laini tu, na kila alichosema kwenye simu nilikisikia. Alikuwa akiongea na mtu wa Embu. "Msichana! Ndiyo, msichana! Wa wafugaji, nakwambia. Si wa mjini." Alirudia maneno hayo na watu watatu tofauti. Kisha akaja kwangu na karatasi, akanionyesha kwa kidole, na mimi nikaona jina la Kabale Jattani juu ya wote. Barua yake ya kujiunga na shule ya upili ya wasichana, nzuri, ya serikali, huko Kenya, ilikuwa njiani.

"Hii ndiyo habari ya kwanza," alisema. "Ukurasa wa kwanza. Sitaki mistari miwili. Mtoto, mzazi, mahali anapotoka, watu wamjue." Hapo ndipo aliponiuliza kama naweza.

Dida alikuwa Garbatulla kwa likizo. Ningeweza kungoja arudi. Jarida halikuwa na haraka ya siku mbili. Sikungoja. Nilijiambia kwamba hakuna anayesoma jarida lile isipokuwa walimu wenye kulazimishwa. Nilijiambia pia kwamba nikikataa Bwana Afisa ataanza kuuliza kwa nini. Lakini sababu ya kweli ilikuwa kwamba habari kubwa namna ile sikuwahi kuipata, na nilitaka kuona jina langu chini yake.

Nikaiandika kama inavyofaa kuandikwa huku kwetu. Mtu wa Kenya angeandika jina moja na shule, akamaliza. Lakini kwa wafugaji jina la mtoto peke yake halimjulishi mtu. Atakuuliza ni wa nani, na huyo ni wa nani, na ng'ombe wao wanakunywa wapi. Rejista za shule zetu zenyewe zilikuwa na nafasi ya kisima, kwa sababu mzazi anayehama hana anwani, na ukitaka kumpata unatuma mtu kisimani. Nilifungua nakala ya rejista iliyokuwa ofisini nikaandika yote: Kabale binti wa Jattani Wario, wa Biliqo, ambaye mifugo yake hunywa kwenye kisima cha Dambi. Nikaongeza la kwangu, kwamba mzee huyo, katika ukame, alimwacha binti yake shuleni wakati wengine waliwatoa. Sikuwahi kumwona mzee huyo. Sentensi ilihitaji kitu, nikakiweka.

Dida aliporudi, jarida lilikuwa limeshasambazwa na malori. Alilisoma amelala kitandani, viatu miguuni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alilisoma mara mbili.

"Umeandika mpaka kisima," alisema.

"Nilitaka ipendeze."

"Imependeza." Alilikunja akaliweka chini ya mto. Kisha akasema, "Jattani alishasema hana mtoto anayeitwa Kabale. Alisikia habari ya lori. Alisema mbele ya wazee." Sikujua hilo. Nikamuuliza sasa itakuwaje. "Labda Biliqo hawatasoma," alisema. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiuliza habari ya kila lori lililotoka upande wa Merti, njia ya Biliqo, nani amekuja, naye hakuuliza kabisa.

Biliqo walisoma. Mwalimu wa huko alisoma kwa sauti, kama alivyoagizwa, na watoto wakaenda nyumbani na habari. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza, asubuhi moja, nilikuwa nikipiga chapa niliposikia ng'ombe akilia kwenye ua wa ofisi. Nilitoka. Mzee mmoja mwembamba, mwenye kilemba na miguu yenye vumbi hadi magotini, alikuwa akifunga mtamba kwenye nguzo ya bendera. Alikuwa mtamba mwekundu, mbavu zikihesabika, lakini hai, na mwaka ule mtamba aliye hai alikuwa kitu cha kutazamwa. Begani mzee alibeba kibuyu.

"Assalaam aleikum," alisema. "Hapa ndio nyumba ya shule zote?"

"Waaleikum salaam, mzee. Ndiyo hapa."

"Mimi ni Jattani ya Biliqo. Nimekuja kuona mtoto yangu."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, nacho kilitosha. Alinieleza, akiwa bado ameshika kamba, kwamba watu walimwambia uongo. Walimwambia mtoto amepotea na lori, naye akakasirika, akasema maneno mabaya juu ya mtoto, maneno ambayo baba hatakiwi kusema. Sasa karatasi ya serikali imesema mtoto alikuwa shule siku zote. "Karatasi imejua mpaka kisima yangu," alisema. "Serikali haiwezi jua kisima yangu kama si mtoto amesema." Alikuwa amepewa lifti kidogo na lori, lakini lori lilimkataa mtamba, kwa hivyo siku nyingine zote alitembea. Mtamba ni wa Kabale. Maziwa ni ya walimu. Na maneno aliyosema mbele ya wazee alikuwa amekuja kuyarudisha.

Nilipaswa kumpeleka nyuma ya ofisi wakati huo huo na kumwambia. Nilikuwa bado nikitafuta la kusema Bwana Afisa alipotoka. Alipoelewa mgeni ni nani alimshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili. "Baba ya namba moja! Ona, Petro, ona baba ya namba moja!" aliniambia. Akamtuma mtu akamlete msichana. Diramu alikuwa akikaa shuleni kwa matroni, akisaidia jikoni, akingoja siku ya kwenda fomu wani, na shule haikuwa mbali. Viti vililetwa kivulini. Makarani wote wakatoka. Mzee alikataa kukaa. Alijipangusa uso kwa ncha ya shuka, akaupangusa tena.

Diramu alikuja na sare yake iliyopigwa pasi, Dida akifuata nyuma yake kwa hatua ndefu, kwa kuwa alikuwa ameambiwa tu kwamba mtoto anaitwa ofisini. Mzee alimtazama yule msichana, kisha akatazama nyuma yake, akingoja mwingine. Hakukuwa na mwingine.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Bwana Afisa alicheka. "Huyu hapa, mzee. Amekua, eeh? Wewe, mwambie baba jina lako."

Nilimwona Diramu akifungua mdomo. Alikuwa amezoeshwa miezi mitano. "Kabale Jattani Wario," alisema, haraka na wazi, kama alivyofundishwa, kisha akafunika mdomo kwa mkono.

Mzee hakupiga kelele. Alisema kwa Kiborana, taratibu, neno moja moja, akimwuliza yeye ni nani, na msichana akamjibu kwa Kiborana, jina lake na la baba yake na la babu yake. Mzee akaitikia kwa kichwa, aliwajua. Kisha akatuambia sisi, "Huyu si mtoto yangu," na akasimama pale kama mtu aliyesahau njia aliyokuja nayo. Alipoondoka hakumfungua mtamba. Bwana Afisa alimtuma mtu amfuate na huyo mtamba, akamkuta mbali kwenye barabara ya kaskazini, na mzee akaipokea kamba.

Mahojiano yalikuwa mchana huo huo. Nilikaa kwenye meza yangu, karatasi tupu ndani ya taipureta, na kupitia ukuta ule wa ubao laini nikasikia kila kitu. Bwana Afisa, ambaye aliona aibu kuliko hasira, alimuuliza Dida ni nani mwingine aliyejua. Hakuna, Dida alisema. Mwalimu mkuu? Alikuwa mgonjwa. Na ofisini? Shule ilipaswa kuleta barua mtoto alipoacha, ililetwa? Nilisikia mtu akipita nje na baiskeli. "Sikuandika barua," Dida alisema. "Ni mimi peke yangu."

Kisha nikaitwa mimi. Dida alikuwa bado amekaa pale, mikono juu ya magoti. Bwana Afisa aliniuliza kama nilijua kitu chochote. Aliuliza bila uzito, kama mtu anayejaza fomu. Nilisema, "Hapana, bwana." Dida alikuwa akitazama dirishani na hakugeuka.

Matokeo yalifutwa. Barua ya fomu wani ilirudishwa ilikotoka. Dida alifukuzwa kazi, na jina lake likapelekwa Nairobi ili asifundishe mahali pengine popote. Alifungasha vitu vyake mchana, nikiwa kazini. Niliporudi nilikuta kitanda chake kimetolewa godoro, na mashati yangu mawili yamekunjwa juu ya changu. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni. "Rafiki yako ameenda," alisema. "Nilimuuliza utamuaga, akasema mmeshaagana ofisini." Hakuongea nami tena kwa kelele baada ya hapo. Diramu alirudishwa kwao kabla ya mvua za masika, na yule mzee wa kahawa na tumbaku akamuoa. Baadaye, miaka mingi baadaye, alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoleta maziwa ya ngamia mjini, na nilikuwa nikinunua kwake. Alinipimia sawasawa. Hakuwahi kuonyesha kwamba ananijua, na mimi sikuwahi kumuuliza. Kuhusu Kabale mwenyewe sikusikia habari yoyote ya hakika.

Jarida liliendelea. Toleo lililofuata Bwana Afisa aliniambia niache kabisa mambo ya mtihani, niandike kuhusu mpira wa wavu. Niliandika. Nilikaa katika ofisi ile hadi kustaafu, nikapandishwa cheo mara mbili, na hakuna siku hata moja niliyoulizwa tena kuhusu mwaka ule.

Nilikwenda Garbatulla mara moja. Ilikuwa mwaka wa 1986, nilipotumwa kukagua samani za shule. Dida alikuwa dalali wa mifugo sokoni, na watu walinionyesha nyumba yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Alinipokea mlangoni, akanikaribisha mkekani, akamwita binti yake alete maji ya kunawa. Tuliletewa chai na nyama. Aliniuliza habari za safari, habari za ofisi, habari za mvua upande wa Isiolo. Aliniita Bwana Petro. Nilimwambia, "Dida, siku ile ningesema." Alinijazia kikombe. "Kunywa chai, itapoa," alisema, kwa upole kamili, kama anavyomwambia mgeni yeyote aliyepita njia. Alinisindikiza mpaka gari la serikali, akamshukuru dereva, akarudi ndani.

Nilioa, nikalea watoto, nikafanya kazi na watu wengi wema. Lakini kukubali kuandika habari ile, na kukana nilipoulizwa, kulinigharimu Dida. Alikuwa rafiki niliyemwamini kwa kila kitu, na alinificha mbele ya mkubwa wangu wakati mimi sikusimama naye. Aliishi miaka zaidi ya arobaini, safari ya siku moja kutoka kwangu, na muda huo wote sikuwa na rafiki. Sikupata mwingine, na alipokufa hakuna mtu aliyeona kwamba ninapaswa kuambiwa.